Mishipa ya damu iliyoziba nyuma ya jicho: maswali tunayoulizwa kuhusu vipimo visivyo na kisu wala sindano

Kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Dodoma hukosi mtu anayesema, "Niliamka asubuhi jicho moja lina giza. Halikuuma, nikajua litarudi lenyewe." Mmoja ametoka Makole kwa miguu, mwingine amepanda basi alfajiri kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Mimi ni muuguzi wa macho. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wagonjwa na ndugu zao huniuliza wakiwa wamekaa wanasubiri dawa ya kutanua mboni ifanye kazi. Kusubiri huko huchukua kama nusu saa, na ndipo watu hupata nafasi ya kuuliza yale waliyoona aibu kumuuliza daktari.

Mimi nilijua mishipa inayoziba ni ya moyo na ya kichwa. Ya jicho inazibaje?

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya neva. Retina ni kiungo chenye njaa kubwa ya hewa safi, kwa hiyo ina mishipa yake: ateri zinazoleta damu na vena zinazoirudisha kwenye moyo.

Fikiria nyumba yako hapa mjini. Bomba linaloleta maji kutoka Mzakwe likizibwa, koo linakauka na mboga zinanyauka. Hivyo ndivyo ateri inavyoziba: retina inakosa damu na kuanza kufa. Lakini kama bomba la kuingiza ni zima na kilichoziba ni mfereji wa kutolea maji machafu, maji yanarudi nyuma na kufurika uani. Hiyo ndiyo vena iliyoziba: damu inakosa pa kutokea, mishipa inatuna na kujipinda, damu inavuja kwenye retina na retina yenyewe inavimba.

Vena kuziba ndiko tunakokuona zaidi. Kati ya magonjwa ya mishipa ya retina, linalotangulia kwa wingi ni la kisukari, na hili linafuata. Linaweza kushika vena kuu, jicho zima likaathirika, au tawi moja tu, mtu akapoteza sehemu ya juu au ya chini ya anachokiona. Tawi huziba mara nyingi pale ateri inapopita juu ya vena. Mahali hapo mishipa hiyo miwili imefungwa kwenye ala moja, hivyo ateri ikikakamaa kwa presha ya miaka mingi inaibana jirani yake.

Jicho haliumi hata kidogo. Mbona mnanikimbiza kama nimegongwa na gari?

Kwa sababu retina haina uwezo wa kuhisi maumivu. Inaweza kufa huku wewe unakunywa chai.

Ikiwa giza limekuja ghafla, kwa dakika chache, na jicho linaona mwanga tu au halioni kabisa, tunashuku ateri kuu. Hicho ni kiharusi cha jicho. Uharibifu usiorudi huanza ndani ya saa chache, na kilichoziba ateri ya jicho leo kinaweza kuziba ya ubongo kesho. Mtu wa namna hiyo haendi kusubiri kliniki ya Jumatatu. Anapelekwa idara ya dharura usiku huohuo. Na yule ambaye jicho liliingia giza kwa dakika tano kisha likarudi asiseme "nimepona". Huyo amepewa onyo, naye aende siku hiyohiyo.

Vena huwa na utaratibu tofauti kidogo. Mtu anaona ukungu au kivuli, mara nyingi akiamka, na huenda ukaongezeka kwa siku kadhaa. Hata hivyo usilaze wiki.

Nilikwenda kununua miwani, wakaniambia macho yamechoka. Ninyi mnasema mishipa. Nimwamini nani?

Swali hili linaniumiza kila ninapolisikia. Nakumbuka baba mmoja, fundi ujenzi, aliyeuziwa miwani mara mbili ndani ya miezi minne. Hakuna aliyemtazama nyuma ya jicho. Alipofika kwetu jicho lilikuwa jekundu, linauma usiku kucha, na presha ya jicho imepanda mno. Vena kuu ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Retina iliyokosa damu ikaotesha mishipa mipya mahali pasipostahili, na mishipa hiyo ikafunga njia ya maji ya jicho. Maumivu tuliyapunguza. Uono haukurudi.

Miwani hurekebisha namna mwanga unavyoingia. Haiwezi kufungua mshipa. Kwa hiyo shika hili: jicho moja likipungua ghafla, usikubali kutoka na miwani kabla mtu hajakutazama retina kupitia mboni iliyotanuliwa. Una haki ya kuomba hivyo, na kuomba si kumkosea mtu adabu.

Basi vipimo vinaanzia wapi?

Vinaanza na ubao wa herufi, ukifunika jicho moja moja. Ukiandikiwa 6/60 maana yake ni kwamba unachokiona ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Utaambiwa pia uchungulie kwenye kitundu kidogo. Ukiona vizuri zaidi kupitia kitundu, huenda tatizo ni la miwani kweli. Usipoona tofauti, tunatazama ndani.

Halafu presha ya jicho, ambayo kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Kuna mashine inayopuliza hewa na nyingine inayogusa jicho baada ya tone la ganzi, zote hazitoboi. Tunaipima kwa sababu presha ya jicho ya muda mrefu ni mojawapo ya mambo yanayochangia vena kuu kuziba.

Kwa nini mnamulika tochi jicho hili, halafu lile, halafu mnarudia tena? Kwani mnacheza?

Mama mmoja wa Chamwino aliniuliza hivyohivyo, nami nilifurahi kumweleza, kwa sababu nakipenda kipimo hiki kuliko mashine nyingi. Kinahitaji tochi nzuri na chumba chenye giza tu, na hata zahanati ya kijijini inaweza kukifanya.

Ukimulika jicho zima, mboni zote mbili zinasinyaa, kwa sababu ubongo hutuma amri moja kwa macho yote. Ukihamisha tochi haraka kwenye jicho lenye ugonjwa, mboni yake inapaswa kubaki imesinyaa. Ikianza kutanuka huku mwanga umeielekea, jicho hilo linapeleka taarifa hafifu kwenye ubongo. Hapo tunajua kwamba ateri imeziba, au vena imeziba vibaya kiasi cha retina kukosa damu, au neva yenyewe ina shida. Mtoto wa jicho peke yake halileti jambo hili, hata awe mzito namna gani. Kwa hiyo mzee akiambiwa "ni mtoto wa jicho tu" na tochi inasema vinginevyo, tochi isikilizwe.

Kipimo hiki lazima kifanyike kabla ya dawa ya kutanua mboni. Mboni ikishatanuka haisemi tena kitu.

Hiyo dawa ya matone inatanua mboni kwa muda gani? Nitaweza kurudi na pikipiki yangu?

Inachukua dakika 20 hadi 30 kutanua, na ukungu wa karibu na kuumizwa na mwanga huendelea saa kadhaa, kwa wengine hadi kesho yake. Usiendeshe pikipiki, usipande ngazi ya ujenzi, na kama umekuja peke yako bora useme mapema. Jua la Dodoma la saa saba mchana halina huruma kwa mboni iliyo wazi, kwa hiyo njoo na kofia pana, mama na kanga yake. Kabla ya matone mwambie muuguzi kama umewahi kuambiwa una presha ya macho ya njia nyembamba.

Kuna wanaokataa matone kwa kuogopa kupofuka. Hayapofushi. Bila kutanua mboni daktari anachungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo. Akitanua anafunguliwa mlango.

Daktari akishachungulia anaona nini hasa?

Retina ni sehemu ya ndani ya mwili ambapo mishipa ya damu inaonekana wazi bila kupasua ngozi. Zamani mboni ilikuwa shimo jeusi kwa kila tabibu, mpaka Mjerumani Hermann von Helmholtz alipoeleza chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851. Vyombo vya leo, iwe kile cha mkononi au darubini kubwa unayoegemeza kidevu, vinafanya kazi kwa wazo lilelile.

Vena kuu ikiziba, daktari anaona damu imetapakaa pande zote nne za retina, vena zimetuna na kujipinda kama mizizi ya mbuyu, na kichwa cha neva kimevimba. Tawi likiziba, damu inakaa upande mmoja tu kama kipande cha pai, na ncha yake inaelekea pale mishipa ilipopandana. Ateri kuu ikiziba, retina inageuka nyeupe iliyofifia na katikati kunabaki doa jekundu. Ukiliona doa hilo mara moja hulisahau.

Tofauti na kisukari? Mara nyingi kisukari huharibu macho yote mawili, na mshipa kuziba huanza jicho moja. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote, kwa hiyo tunatazama macho yote hata kama unalalamikia moja.

Kukiwa na kamera ya retina, picha hupigwa na kuhifadhiwa. Ni jambo zuri sana, maana ukirudi baada ya mwezi hatutegemei kumbukumbu ya mtu.

OCT ni nini? Ina mionzi kama eksirei?

Haina. OCT hutumia mwanga, kwa namna ambayo altrasaundi hutumia sauti. Unaegemeza kidevu, unatazama alama ndani ya mashine, na baada ya sekunde chache imekwisha. Mama mjamzito anaweza kupimwa, mwenye figo mbovu pia. Kipimo hiki kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, na kwa ugonjwa huu kimebadilisha mambo mengi.

Picha inayotoka ni kama umekata mkate ukatazama tabaka zake kwa ubavu. Mashine za sasa zinatofautisha vitu vyenye unene wa maikroni 5 hivi, wakati unywele wa mtu unafika maikroni 70 na zaidi. Kwa nini tunajali? Kwa sababu kinachowaharibia uono wengi wenye vena iliyoziba ni maji kujaa kwenye makula, yaani sehemu ndogo ya katikati ya retina unayotumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura. Jicho la daktari linaweza kukosea kukadiria uvimbe huo. OCT inautoa kwa namba. Sindano za jicho zinazotibu uvimbe huo, kwa mfano bevacizumab, hupangwa kwa kufuata namba hiyo: imeshuka, imesimama, au imepanda tena.

Kwa ateri, OCT inatueleza pia umri wa tatizo. Siku za mwanzo tabaka za ndani za retina huvimba, na baada ya wiki kadhaa husinyaa na kuwa nyembamba. Mtu anayesema "limeanza jana" na retina imeshasinyaa, tunajua lilianza zamani, ila alikuwa hajafunika lile jicho lisilo na ugonjwa akagundua.

Nimeambiwa nikachomwe sindano ya rangi. Naiogopa. Hakuna njia nyingine?

Kipimo hicho ni cha zamani na kinaheshimika. Wanafunzi wawili wa udaktari, Novotny na Alvis, walikieleza mwaka 1961 huko Indiana, Marekani. Rangi iitwayo fluoreseini huchomwa kwenye mshipa wa mkono, kisha kamera hufuatilia inavyofika kwenye retina: wapi inachelewa, wapi haifiki, wapi inavuja. Ngozi hubadilika kuwa ya manjano kidogo na mkojo huwa na rangi kali kwa siku moja au mbili. Wengine husikia kichefuchefu. Mzio mkali hutokea kwa nadra, ila hutokea, ndiyo maana kinafanyika mahali penye dawa za dharura.

Njia nyingine ipo, nayo ni ndugu wa OCT anayeitwa OCT-A. Mashine hupiga picha ya sehemu ileile mara nyingi mfululizo kisha inalinganisha. Nyama ya retina imetulia, kwa hiyo haibadiliki kati ya picha na picha. Kinachobadilika ni damu inayotembea. Kompyuta huchora ramani ya kila palipo na mwendo, na pale ambapo mishipa midogo imekufa ramani inabaki nyeusi. Hakuna sindano, hakuna rangi, na unaweza kurudia hata kila mwezi.

Lakini nisikudanganye kwamba inatosha kila mara. OCT-A haionyeshi kuvuja. Huonyesha eneo dogo, mara nyingi milimita 3 hadi 12 kwa upande, wakati ukame wa damu unaweza kuwa pembeni kabisa mwa retina. Inamtaka mgonjwa atulize jicho, na mwenye uono wa katikati uliopotea haioni hata alama ya kutazama. Damu iliyomwagika huziba pia picha ya kilicho chini yake. Maoni yangu baada ya kuona wagonjwa wengi: kama OCT na OCT-A vimejibu swali la daktari, hakuna haja ya sindano. Kama daktari anasema anahitaji kuona pembeni au kuona uvujaji kabla ya kupiga leza, kubali. Mwambie tu mapema mzio wako, hali ya figo zako, na kama una ujauzito.

Mama ana mtoto wa jicho mzito, mashine haioni ndani. Tufanyeje?

Kuna altrasaundi ya jicho, inayowekwa juu ya kope lililofungwa na jeli kidogo. Itaonyesha kama retina imebanduka au kuna damu nyingi ndani ya jicho. Mshipa wenyewe ulioziba haitauonyesha. Hapo tochi niliyoieleza juu inakuwa shahidi mkubwa, na upasuaji wa mtoto wa jicho huenda ukafanyika ili retina ionekane.

Nimekuja na jicho, mbona mnanifunga mkanda wa presha na kunitoboa kidole?

Kwa sababu jicho limesema siri ya mwili. Presha ya damu ndiyo mshtakiwa wa kwanza wa vena kuziba, na wengi wanaifahamu presha yao kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha kliniki ya macho. Ikizidi 140/90 kwa kurudiwa, inatibiwa. Sukari, lehemu na wingi wa damu hupimwa pia. Kijana asiye na presha anaangaliwa selimundu, kaswende na VVU. Aliyezibwa ateri anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, ECHO (altrasaundi ya moyo) na altrasaundi ya mishipa ya shingo, kutafuta bonge lilikotoka. Ukitoa damu kidogo kwa ajili ya haya, usione umeonewa.

Kuna picha za retina zinazopigwa kwa simu. Zinaaminika?

Kwa kuchuja wagonjwa, ndiyo. Jirani zetu wa Nakuru, Kenya, walishuhudia upimaji wa macho kwa simu ukijaribiwa, kazi iliyoongozwa na daktari Andrew Bastawrous. Mboni ikitanuliwa na lenzi ikapachikwa, simu inaweza kupiga picha ya damu kwenye retina ikatumwa kwa bingwa aliye mbali. Lakini simu haiupimi uvimbe wa makula kama OCT.

Niende wapi hapa kanda ya kati?

Kliniki za macho zipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, na Mvumi, ambako watu wa vijijini wamekuwa wakitibiwa macho kwa miaka mingi. Anza hospitali ya wilaya yako kama ndiyo karibu. Ubao wa herufi, tochi na kipima presha havihitaji safari. Kwa mashine kubwa piga simu kwanza, uulize kama OCT inafanya kazi wiki hiyo na bima yako inagharimia nini. Rufaa ikiandikwa kwenda Dar es Salaam au KCMC Moshi, omba nakala za picha zako, zisiwe maelezo ya mdomo tu. Tangu 2024 kuna treni ya umeme kwenda Dar, na mgonjwa asiyeona vizuri huichukua kwa urahisi kuliko basi.

Dawa za majani za kudondoshea machoni usiziguse. Hakuna tone, la hospitali wala la kienyeji, linalofungua mshipa wa retina, na yale ya kienyeji yanaweza kukuachia kovu kwenye kioo cha jicho.

Nikishapimwa mara moja, imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo tunapowapoteza watu. Vena kuu iliyoziba vibaya inaweza kuotesha ile mishipa mipya ndani ya miezi mitatu hivi ya mwanzo, kwa hiyo tunataka kukuona karibu kila mwezi: ubao, tochi, presha ya jicho, kutazama ukingo wa mboni kwa darubini, OCT. Aliyepimwa wakati wa kupalilia asisubiri mtama uvunwe.

Naweza kumchunguza mzee wangu nyumbani?

Unaweza, na ukifanya hivyo utatusaidia sana. Mkalishe mbele ya dirisha lenye nondo, mchana. Mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, mwambie atazame nondo moja ya katikati. Muulize kama nondo zote zimenyooka, kama kuna sehemu imekatika au ina kivuli. Kisha jicho la pili. Fanya hivyo siku moja kila wiki, kwa mfano Jumapili kabla ya ibada. Nondo iliyonyooka jana ikionekana imepinda leo kwa jicho moja, mlete, na uje na kadi yake ya presha.